Marehemu Hakupenda Stima

Redio ya Hezekiah haikufanana na redio. Ilikuwa kibao kidogo cha saketi alichokilehemu mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Waya mmoja ulitoka hapo hadi kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba, mwingine uliingia kwenye laptopu. Programu ndani ya laptopu ndiyo iliyofanya kazi yote: hukuzungusha kitufe, ulitazama kioo, na kila stesheni ya mbali ikateremka pale kama uzi wa manjano juu ya maji ya samawati. Mwonja asali haonji mara moja. Tangu anunue laptopu hiyo kuukuu kwenye maduka ya Luthuli Avenue, karani huyu wa bima hakuwa na jioni tena.

Uzi mmoja tu ndio uliomnyima raha, wa stesheni ndogo ya kisiwa fulani huko Indonesia. Miaka nenda miaka rudi aliitafuta, na sasa wasikilizaji wenzake wa mtandaoni walikuwa wameandika kwamba ingezimwa kabisa Ijumaa hii, jua likitua Nairobi. Asipoisikia siku hiyo, basi tena. Adui alimjua. Kila televisheni ya mtaa wao wa Woodley, kila chaja, kila balbu ya kuokoa umeme ilimwaga uchafu wa mawimbi kwenye kioo chake na kuufunika uzi ule. Juzi alimwomba jirani yake Kalekye azime televisheni kidogo tu, akachekwa hadi barabarani.

"Nizime TV ndio wewe usikize Wachina? Baba Kui, uko sawa?"

Kwa hiyo Ijumaa alirudi kwa Kalekye na uso wa huzuni. "Mama Mwanzia, tumefiwa."

"Woi! Nani?"

"Mjomba. Wa mbali. Mbali sana."

Safu yao ya nyumba ilikuwa na desturi: penye msiba, televisheni zote huzimwa. Hapo Hezekiah alipiga hesabu vizuri. Alichosahau, mtu mzima na akili zake, ni kwamba majirani wakishazima televisheni hawakai nyumbani kutazama ukuta. Wanakuja.

Kabla ya jua kutua hema lilikuwa limesimama mlangoni. Chai ilikuja kwa mabirika. Mbuthia, mwenyekiti wa mtaa, aliunda kamati ya mazishi na kuuliza mwili uko mochari gani. Kwaya ikafika na kinanda na amplifaya, wakachomeka, na kioo cha laptopu kikageuka manjano kote.

"Zimeni!" Hezekiah alipiga kelele dirishani. Watu wote wakamgeukia. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. "Marehemu... marehemu hakupenda stima."

Mbuthia alivua kofia. "Hata taa?"

"Taa ndizo alichukia kabisa."

Wosia ni wosia. Mbuthia alipita nyumba kwa nyumba akiamuru watu wazime meni swichi, ile ya kukata umeme wa nyumba nzima, na Woodley ikaingia giza safu baada ya safu. Wakati huo ndipo Wahu, mkewe Hezekiah, aliporudi kutoka soko la nyama la Dagoretti na matumbo ya ng'ombe kwenye mfuko. Alipoona hema mlangoni pake aliangua kilio kwanza, maswali baadaye. Alijipenyeza hadi jikoni, akamkuta mumewe mzima, hedifoni masikioni.

"Ni nani amekufa?" alinong'ona.

"Bado," alisema Hezekiah. "Dakika chache."

Kioo cha laptopu, sasa kwa betri, kilikuwa kimetakata. Katikati yake, mwembamba, uzi ulikuwa ukiteremka. Kalekye, aliyeingia na kuinama kumpa pole, alijikwaa kwenye waya wa hedifoni ukachomoka, na sauti ikamwagika chumbani. Ilikuwa sauti ya mzee, akisema polepole katika lugha ambayo hakuna aliyeijua. Watu walitega masikio hadi nje hemani. Hawakuelewa neno, lakini mtu anayeaga hahitaji mkalimani. Kisha ukapigwa wimbo wa taratibu, ukaisha, na uzi ukakatika. Yakabaki maji matupu.

Hezekiah alilia. Hakuigiza, alilia kwa uchungu, kwa kuwa alikuwa amempata mtu akiondoka.

Kalekye ndiye aliyeanza. Alisimama mbele ya laptopu, akainamisha kichwa, akapita. Mwingine akamfuata, na mwingine, hata foleni ikatoka jikoni hadi barabarani, watu wakipita mmoja mmoja kumtazama marehemu kwa mara ya mwisho.

"Hezekiah," Wahu alisema chini chini, "wewe hauna mjomba."

"Sina."

Wahu alimtazama sana. Kisha akamfuta uso kwa leso yake.

Mbuthia alipita wa mwisho. "Baba Kui, huko kwake mzee huyo, nani anakaa na yeye leo?"

Hezekiah alimwaza yule mzee wa redioni akizima mitambo, akifunga mlango na kwenda zake peke yake, asijue kwamba Woodley nzima imekaa gizani kwa ajili yake.