Mashine Iliyojifunza Kusema Sijui

Taa ya kijani iliwaka, na Gordon almanusura acheze pale pale juu ya kifusi. Kisanduku alichokuwa akikiunda tangu amalize shule, kinachosikiliza milio ya udongo na kubashiri kama ukuta wa shimo utashika au utaporomoka, kilikuwa kimepatia kila jaribio. Leo, kwa mara ya kwanza hapa Masara, watu wangeshuka kuchimba dhahabu kwa neno lake. Na wa kwanza kushuka alikuwa Javan, kakake.

"Imesema twende?" Javan aliuliza, akifunga kamba kiunoni.

"Imesema salama. Asilimia tisini na tisa."

"Omera, ndugu yangu, hata mama hajawahi kuniamini hivyo."

Wachimbaji wakacheka. Ndipo pampu ikawashwa, ikakohoa, ikatapika maji mekundu. Gordon akayatazama yakimpita miguuni, na furaha yake ikaingia baridi. Jana ilikuwa Sabato. Siku hiyo hata pampu hupumzika, na maji hupanda yakilamba kuta. Naye milio yote aliyoifundishia mashine aliirekodi siku za kazi, kuta zikiwa kavu. Jumapili asubuhi, mashine yake haikuwahi kukutana nayo.

"Ngoja," alisema.

"Ngoja nini tena? Si ni kijani?"

Gordon alichomoa ukutani kidude cha kusikilizia, akabeba kisanduku, akaenda mbio hadi jikoni kwa Dorah, mpishi wa wachimbaji, wenzake wakimfuata, akakidunga kidude katikati ya sufuria ya ugali.

Kijani. Asilimia tisini na tisa.

"Kumbe hata ugali ya Dorah haiwezi poromoka," Javan alisema.

"Ugali yangu ni imara," Dorah akajibu. "Lakini toa huo uchafu wako."

Kicheko kilipokwisha, Javan alikuwa anafungua kamba, taratibu, bila kumtazama mtu.

Gordon akampigia Beverly, binamu yake anayesomea kompyuta Homa Bay. Salamu aliisahau. "Haijui kwamba haijui."

"Basi hiyo ndiyo kazi, yawa. Ikikutana na kitu kigeni isibahatishe. Ikatae."

Usingizi ukamhama Gordon, lakini kwa raha. Wakaongeza taa ya manjano, ya kusema "sijui". Wiki nzima akaitega mashine kwa kila alichokiona: matope, gunia la mahindi, ubavu wa ng'ombe wa jirani, ngoma ya kanisa. Kila ilipokataa kubashiri, alipiga kelele hadi mama akauliza kama amepata kazi.

Jumapili iliyofuata, taa iliwaka manjano. Wachimbaji wakaguna.

"Mashine yako imekuwa mwoga," Javan alisema.

"Inasema haijui." Gordon alishindwa kuzuia tabasamu.

Javan akaipima kamba mkononi, akaitazama taa, kisha akaketi juu ya kifusi na kumwitisha Dorah chai. Pampu ilikuwa bado inakohoa. Chini gizani kitu kikadondoka majini. Pengine kijiwe tu, pengine kipande cha ukuta.

Kikombe cha Javan kikasimama, hakijafika mdomoni.