Vijiti vya Katunge

Mpingo wenyewe ulikatwa na baba yangu, akauzia wachongaji wa Wamunyu. Kisiki kikabaki juu ya shamba letu hapa Muthetheni miaka na miaka, kama mfupa. Halafu mvua kubwa ya mwaka ule wa kabla ya korona ikanyesha, na mizizi ikaanza kutoa vijiti, hapa kimoja, pale kingine. Mke wangu Katunge ndiye aliviona. Akaviwekea matawi ya miiba, kila kijiti boma lake, ili mbuzi wasikule. Vilikuwa kumi na moja.

Mwaka juzi, akiwa kwa kitanda cha hospitali, hakuniuliza mambo ya dawa. Aliniuliza, "Mbuzi umefunga?"

Nikasema nimefunga. Kesho yake hakuamka.

Sasa Novemba iliyopita naibu wa chifu, Mbithi, akaita baraza. Serikali inaleta miche ya bure, nani anataka? Wote wakainua mkono. Na mimi nikainua. Ukikaa mkono chini kwa baraza, unaandikwa jina.

Jumanne nikaenda kliniki ya presha. Kurudi, nikasikia nyimbo kutoka shambani kwangu. Ni mwethya, akina mama wa kusaidiana kazi, kikundi kile kile cha Katunge, wako na mapanga na majembe. Mbithi amesimama kivulini anapiga picha na simu.

"Mzee Ndeti!" Peris, mmoja wa hao mama, akaniita. "Leo umepata wake ishirini na hujatoa hata mbuzi mmoja!"

Wakacheka. Mimi nilikuwa natafuta vijiti. Vyote vimefyekwa chini kabisa, vimerundikwa pamoja na miiba ya Katunge, moto unakula. Mahali pavyo kuna mashimo, na kila shimo lina mche wa grevilia, ile miti ya bure ya serikali.

"Mbithi, hiyo ilikuwa mipingo."

"Hiyo ilikuwa kichaka, mzee. Miiba tupu. Karatasi ya ofisi inasema fyeka kichaka, panda mti."

"Uliuliza nani?"

"Si wewe uliinua mkono?"

Peris akaacha kucheka. "Ndiyo hiyo Katunge alikuwa anazungushia miiba? Uui! Tulidhani ni boma la kuku. Mbona hukutuambia?"

Ningemwambia nani? Mwenye ofisi hajawahi kukanyaga hapa, lakini anajua kichaka changu ni kipi.

Wakaenda bila kuimba.

Grevilia zimekauka zote isipokuwa mbili. Kando ya kisiki, kijiti kimoja cha kijani kimetokeza, urefu wa kidole. Niko na miaka sabini na nne. Mpingo hauna haraka. Mbithi amepita jana kusema maofisa watakuja kukagua, na kichaka chochote kitafyekwa tena.

Nilienda kukata miiba, panga likaniponyoka.

Mbuzi nimefunga, Katunge. Hawa wengine sina kamba yao.