Bibi Harusi Hasemi

Mie nasema sana. Mtaa mzima wa Malindi, huku Unguja mjini, wanalijua hilo, na wewe lijue mapema usije ukaniambia nimezidisha. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinituma dukani, narudi na habari za watu wote na sukari nimeisahau. Kwa hiyo siku ya harusi yangu, katika yote niliyotakiwa kufanya, gumu lilikuwa moja tu: kunyamaza.

Lakini ntaanza na zile taa, maana balaa limetoka huko.

Mchumba wangu alikuwa Munir, kijana wa Mkokotoni aliyekuja mjini kuuza simu pale Darajani. Mzuri wa sura, mzuri wa maneno, na ana gari dogo jeusi alilokuwa akilifuta kwa kitambaa kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Mwezi mmoja kabla ya harusi akaja nalo Malindi, akaliegesha barabarani kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari, akalala chini ya bampa tangu asubuhi. Kaka yangu Hamid alikuwa akimshikia bisibisi. Mie nikatoka na birika la chai, nikakaa barazani, nikauliza kulikoni.

"Nnatia balbu za zenoni kwenye taa za ukungu," akasema. "Nyeupe, utaona! Nikitoka Bububu, mtu wa Mtoni anajua Munir anakuja."

"Ukungu gani Unguja?" nikamwambia. "Mie ukungu niujuao ni moshi wa mishikaki ya Forodhani."

Hamid akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Munir hakucheka. Nililiona hilo, nikalipuuza, maana ukishampenda mtu macho yako yanafanya kazi nusu.

Kweli zilikuwa nyeupe. Alipoziwasha, ukuta wa ng'ambo ukawa kama umepakwa chokaa mpya, na mzee mmoja aliyekuwa akija na vespa akaziba macho kwa mkono, akapepesuka, akamtukana Munir tusi ambalo sitalirudia. Munir akaona raha. Lakini hazikudumu. Mara zikazima zote mbili. Fyuzi imeungua. Akatia nyengine, nayo ikaungua. Wiki ile nzima hadithi yetu ya mapenzi ikawa fyuzi. Nikaona kioo cha taa ya kushoto kinageuka rangi ya chai, kinaungua kwa ndani. Nikamwonyesha. Akanijibu ni vumbi.

Siku moja akaja ametulia, kifua mbele.

"Nshamaliza ugomvi na fyuzi," akasema. "Nimeiruka."

Alikuwa ametoa waya moja kwa moja kwenye betri, akaupitisha chini ya zulia la gari mpaka kwenye swichi nyekundu aliyoibandika pembeni ya breki ya mkono. Akaibonyeza, taa zikawaka, hazikuzima.

"Fyuzi kazi yake nini?" nikamuuliza.

"Kuungua."

"Basi ikiwa inaungua kila siku, si inakwambia kitu?"

Akatabasamu, na meno yake mazuri yale. "Tahiya, nyumba haikai na mdomo huo. Ukishaingia kwangu utajifunza kunyamaza."

Alisema kwa utani, lakini mie nilimwacha pale pale. Nikaenda kwa mama jikoni, nikamweleza waya, swichi na maneno yale. Mama hakuacha hata kukuna nazi. "Harusi ivunjike kwa taa? Kadi zishatoka, Tahiya. Watu watatucheka mpaka tuhame."

Nikabaki na Bi Mize. Bi Mize ni dada wa bibi yangu, ndiye aliyenilea mama alipokuwa kazini, na ndiye somo wangu, yaani aliyenifunda niwe mke. Nusu ya maharusi wa Malindi wamechorwa hina na mikono yake. Anachora bila ya kuangalia, huku anakusuta, na mstari haupindi. Siku aliyonichora mie, alinishika mguu akaniambia, "Bibi harusi hasemi. Hacheki, hainui uso. Anaangalia chini tu mpaka afike kwa mumewe, na mumewe amfunue uso kwa mkono wake."

"Na akiwashwa pua?"

"Avumilie."

"Na akiona nyoka?"

"Tahiya!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Siku moja tu, mwanangu. Watu wanasema Bi Mize amelea mdomo, hakulea mtoto. Nitoe aibu."

Nikamshika ile mikono, nikamwahidi. Sikuwa na ahadi nyepesi kwa Bi Mize, hata kidogo.

Siku ikafika. Nikaha ilifungwa msikitini baada ya laasiri, na Munir akasema harusi yake haendeshewi na mtu. Atautangulia msafara mwenyewe mpaka Mkokotoni, na taa zake zionekane. Wanawake wakamtania, "Bwana harusi dereva! Na nauli tumpe nani?" Nikatolewa vichochoroni kwa vigelegele, shela usoni, naona vidole vyangu vya miguu tu. Nikatiwa kiti cha nyuma. Bi Mize akaingia upande wa pili na chetezo chake juu ya sinia, makaa yanawaka, akakiweka chini baina yetu. Hakutaka harufu ya udi ikatike kabla hatujafika kwa wenyewe. Mbele akapanda Bi Sichana, mama yake Munir. Milango ya nyuma ya gari lile ilikuwa haifunguki kwa ndani, Munir aliifunga hivyo kwa ajili ya wapwa zake, na hakuna aliyekumbuka. Hamid na wengine wakafuata na magari yao.

Jua lilituchwea Mtoni. Tulipofika Bububu nikasikia swichi: tak. Barabara mbele ikawa nyeupe, mpaka mwanga ukarudi ndani ya gari ukapita kwenye shela langu. Gari lililokuwa likija likatupigia honi ndefu.

"Wanaona wivu," Munir akasema.

Sasa sikiliza. Ndani ya gari lile kila mtu alikuwa akiangalia juu au mbele, isipokuwa mie. Mie niliamrishwa niangalie chini. Nilikuwa nikiona miguu yangu yenye hina, miguu ya Bi Mize, chetezo, zulia, na ile swichi nyekundu mbele yangu kidogo baina ya viti. Hapo Bububu makaa yalikuwa yameshazima. Niliyaona yakigeuka meusi, na moshi wake ukawa uzi mwembamba, kisha ukakatika.

Tulipoikaribia Mahonda moshi ukarudi. Haukutoka kwenye chetezo. Ulikuwa ukitoka kwenye zulia, pembeni ya breki ya mkono, kidogo kidogo, na haukuwa na harufu ya udi. Harufu yake ilikuwa ya sahani ya plastiki iliyosahauliwa juu ya jiko.

Bi Sichana akavuta pumzi kule mbele. "Mashallah, Bi Mize! Udi hukuubania."

"Nimeuziwa mbovu, dada yangu," Bi Mize akasema kwa haya. "Siku hizi wanachanganya na dawa."

Nikamgusa kwa goti. Akanifinya paja, maana yake tulia. Nikamgusa tena. Akanifinya zaidi.

Kwenye zulia kukatokea tundu. Dogo, ukubwa wa kifungo cha shati, na ukingo wake mwekundu unatambaa. Niliogopa, nakwambia kweli. Na bado nilinyamaza. Mie huyu! Nikajiambia huenda Munir akahisi joto mwenyewe, huenda Bi Mize akaangalia chini. Aibu ya kumvunjia Bi Mize ahadi mbele ya wakwe ikanielemea kuliko moto. Tundu likafika kwenye nyuzi za kiti cha mbele.

"Munir," nikasema, "gari linaungua."

Mama mkwe akageuka nyuma.

"Ala!" Bi Sichana akashituka. "Bibi harusi anasema?"

"Astaghfirullah, Tahiya," Bi Mize akanong'ona.

Munir hakugeuza hata shingo. "Ni udi huo."

"Chetezo kimezima tangu Bububu. Ni waya wako, Munir, simamisha."

"Nshakwambia ni udi! Bibi harusi hasemi, hukufundwa?" Na badala ya kusimama, akakanyaga mafuta.

Moto ukatoka. Haukungoja ruhusa ya mtu. Ulipanda kwenye kiti cha mbele na ukashika ncha ya gauni langu kwa pamoja. Gari likayumba, likasimama pembeni. Munir akaruka nje, Bi Sichana akaruka nje upande wa pili anapiga yowe. Mie nikavuta kitasa cha mlango, mlango haufunguki. Nikavuta tena. Kupitia kioo cha mbele nikamwona mume wangu. Alikuwa amekwenda kufungua boneti aokoe betri yake.

Bi Mize hakupiga kelele. Aliinama juu ya miguu yangu, akaupiga moto wa gauni langu kwa mikono miwili mitupu, anapiga na anasema, "Tobe, tobe, mwanangu, tobe." Aliendelea mpaka Hamid akaufungua mlango kwa nje, akatutoa mmoja mmoja kama magunia.

Tukakaa kwenye majani. Gari likawaka. Mbele yake zile taa zilikuwa zingali zikitoa mwanga mweupe katikati ya moshi mzito, dakika kadhaa, kabla hazijapasuka. Leo zilipata ukungu wake.

Miguu yangu ilikuwa mizima. Mikono ya Bi Mize sitaki kuieleza. Hamid alikuwa akiimwagia maji ya chupa, na Bi Mize haitazami mikono yake, ananitazama mie, machozi yanamtoka.

"Nisamehe," akasema. "Ni mie. Ni chetezo changu. Nusura nikuunguze mwenyewe, mwanangu."

Watu wa msafara wote walikuwa wametuzunguka, na wakaanza. Ajuza huyu. Nani anatia makaa ndani ya gari? Mwengine akasema bibi harusi alisema njiani, ndiyo maana. Nikajifunua uso kwa mkono wangu mwenyewe, nikasimama, nikamtafuta Munir. Alikuwa amesimama na kanzu yake safi.

"Munir, mwambie," nikasema. "Mwambie Bi Mize moto umetoka wapi."

Akaangalia gari. Akamwangalia mama yake. Bi Sichana akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, "Funika kombe, mwanaharamu apite. Gari lishaungua. Usimwaibishe mumeo siku ya kwanza."

"Ilikuwa chetezo," Munir akasema, kwa sauti ya kusikika na watu. "Bahati mbaya. Hatumlaumu bibi, mtu mzima huyo. Tumeshasamehe."

Wakasamehe!

Chetezo kilikuwa pale majanini. Kilianguka tulipotolewa, makaa yake mawili matatu yamebaki ndani, meusi. Nikakiokota, nikampelekea.

"Tia mkono," nikamwambia.

"Tahiya, wacha mchezo."

"Unasema moto umetoka humu. Haya makaa si ya baridi? Tia mkono utoe kaa moja, umwonyeshe Bi Mize. Fanya hilo tu, mie sitasema neno mpaka nife."

Munir akakitazama chetezo. Aliijua baridi yake kama nilivyoijua mie, na kulishika kaa lile ni kukiri waya wake. Akaitia mikono yake yote miwili kwenye mifuko ya kanzu.

"Twende," akasema, "watu wanatungoja nyumbani."

Basi nikatia mkono wangu mie. Nikatoa kaa, nikalishika kiganjani juu ya hina, nikapiga magoti mbele ya Bi Mize na kuliponda kwa ngumi, kisha nikaifungua aone. Unga mweusi, wa baridi.

"Limezima tangu Bububu," nikamwambia. "Nililiona mwenyewe. Uliniambia niangalie chini, nikaangalia chini."

Akakitazama kiganja changu muda mrefu. Kisha akainua macho, akamtazama Munir, naye Munir akageukia barabarani.

Hamid alikuwa ameshaligeuza gari lake kuelekea mjini, hospitali. Tukampakia Bi Mize. Nilipoinua mguu kupanda, Munir akaita kwa nyuma, "Tahiya! Wewe ni mke wangu. Ukipanda gari hilo, usirudi."

Nikapanda.

Tukarudi tulikotoka, Bi Mize ameinua mikono yake mbele yake, imefungwa kanga ya mtu tusiyemjua. Tulipofika Bububu akaniegemea begani.

"Sema, mwanangu," akaniambia. "Sema, nikusikie."

Sikuweza. Nilifumbua mdomo nikalia mpaka hospitali.