Bata Mwenye Miguu ya Kuku

Félicité, msusi Mkongomani katikati ya jiji la Durban, hakuwahi kushika bunduki maishani, lakini wateja walipopungua saluni alipenda kutazama bunduki za kale za kuwindia zikinadiwa mtandaoni. Siku moja aliona moja iliyosemekana kutengenezwa Ulaya mwaka 1870. Ubavuni ilikuwa na nakshi ya bata, ila bata mwenyewe alikuwa na miguu ya kuku. Félicité, aliyefuga bata kwao Uvira, akamwandikia muuzaji kwamba bunduki yake ni feki.

Muuzaji akajibu kwa heshima: “Asante, mama. Miguu ya bata inakuwaje?”

Félicité akamweleza habari ya utando kati ya vidole. Baadaye ikatokea bunduki nyingine, bata wake safi kabisa, lakini ilikazwa kwa skrubu za nyota, ambazo enzi hizo hazikuwapo. Akaandika tena, akashukuriwa tena, na bunduki ya tatu ikaja bila kosa hilo.

“Mama Glody,” mumewe Athanase akamuuliza, “huyu mtu unamkamata ao unamfundisha kazi?”

Félicité akarudi kutazama mnada. Ilipokuja bunduki ya nne aliikagua nzima, asione kasoro. Chini ya picha paliandikwa: “Imethibitishwa na Madame Felista, mtaalamu wa Durban.”

Hasira zikampanda. Kisha akamwandikia muuzaji malalamiko marefu, kwamba jina lake amelikosea.