Faili la Wasumbufu

Kozi yenyewe aliichagua baba. Mimi nilitaka uuguzi. Baba, fundi cherehani asiyekubali kubishiwa, alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye fomu yangu ya chuo mpaka kikatua kwenye Utunzaji wa Kumbukumbu. Kila ofisi ina makaratasi, akasema, hutakosa kazi. Nimehitimu, mwaka umekatika, na baba huyohuyo ananiuliza mbele ya wateja wake ni mtu gani mwenye akili timamu anakwenda chuo kusomea kupanga makaratasi. Jamani! Ningemjibu, lakini ni baba yangu.

Ijumaa ile ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Cherehani ya pili ilishafika, imewekwa kando ya yake. Nisipopata kazi, Jumatatu nikae hapo nipinde suruali za watu. Sina ugomvi na suruali za watu, ila najijua: nikishakaa pale sitoki.

Nikaenda ofisi ya maji, mara ya kumi na moja. Walitangaza nafasi ya mtunza kumbukumbu, wakanifanyia usaili, na tangu hapo ni njoo kesho, njoo wiki ijayo. Aliyekuwa akinizungusha ni karani wa masjala, mzee mpole mpaka anakera. Siku hiyo aliniambia majibu ya usaili hayaoni, labda yako pale. Pale! Pale ni meza, kiti, dirisha na sakafu, vyote vimefukiwa na mafaili hata mlango haufunguki wote.

Damu ikanichemka. Nikaweka mkoba chini.

"Mzee wangu, niwie radhi," nikamwambia. "Nipishe."

Akanipisha. Nikaanza kuchambua, nikidhani kapanga kwa tarehe au kwa majina. Wapi! Mzee alikuwa na mpango wake: faili la wakubwa, faili la wapole, na moja nene kuliko yote, limeandikwa kwa kalamu nyekundu, WASUMBUFU. Nikamtazama. Akatazama dari. Akanieleza, bila hata haya, kwamba mtu akija kuulizia zaidi ya mara tatu, karatasi zake zote huhamia humo, na humo hafungui, kwa sababu wasumbufu hawatafutwi, huja wenyewe.

Nikalifungua. Bahasha yenye jina langu ilikuwa humo, haijawahi kutumwa. Nimeajiriwa. Barua ilisainiwa miezi minane iliyopita, ikinitaka niripoti ndani ya siku kumi na nne. Nilikaa juu ya rundo la mafaili nikalia kwa hasira. Nakala ya ofisi ilikuwa imebanwa kwa pini nyuma ya bahasha. Hiyo nikaichomoa nikaiweka mahali pake, ndivyo nilivyofundishwa. Kisha nikaendelea kupanga mpaka saa sita, maana nisingepanga ningempiga mtu.

Nikapanda na barua kwa meneja. Alikuwa mgeni pale kazini. Aliyesaini barua yangu alishahamishwa. Akaisoma mara mbili, akanipa pole, akasema siku kumi na nne zimepita, niombe upya.

"Zimepita masjala kwenu," nikasema. "Kwangu zimeanza leo."

Akasita. Akasema angalau aione nakala ya ofisi, ajue barua si ya kughushi. Akamwita karani, akamtuma. Karani akashuka, akakawia, akarudi mikono mitupu, akasema labda iko pale. Meneja akashika kichwa.

"Rafu ya pili kushoto," nikamwambia karani. "Faili la kijani. Nimeliandika AJIRA."

Hazikupita dakika mbili. Meneja akailaza nakala kando ya barua yangu, akalinganisha saini, akamtazama karani, kisha akanigeukia mimi.

"Umeanza kazi lini?" akaniuliza, kalamu mkononi.

"Leo asubuhi."

Akaandika.

Nilimkuta baba na wateja watatu. Akavaa miwani, akaisoma barua yote, akawageukia.

"Si nilisema kila ofisi ina makaratasi?"

Nikaipita cherehani ya pili, nikaingia ndani.