Shimo la Futi Mbili

Mwaka wa kwanza wa Chama cha Historia cha Ruanda, kata yetu hapa Mbozi, watu walituuliza swali moja tu kwa maneno tofauti: mnatafuta nini hasa?

Mimi nilikuwa katibu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya historia, nimerudi nyumbani Mbozi kusubiri ajira, na niliamini kwamba watu wakikaa pamoja na kusimuliana walikotoka, watapendana zaidi. Bado naamini, ingawa sasa naamini polepole. Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Nathanaeli, mstaafu aliyenifundisha darasa la tano. Wanachama tulikuwa kumi na wawili.

Shughuli yetu ya kwanza tuliiita Siku ya Vyombo. Tuliomba kila familia ilete kitu cha zamani na kukisimulia. Walikuja watu wengi kuliko viti vya darasa tuliloazimwa, wakaleta vinu, mikuki, majembe yaliyofuliwa na babu zao. Lakini hakuna aliyekubali kuweka kitu chake mezani. Kila mtu alikipakata mpaka mwisho, kama abiria mwenye kuku. Nilipopitisha daftari la mahudhurio, watu waliandika jina la kwanza tu, bila sahihi. Mzee mmoja aliandika jina la kaka yake aliyefariki.

Kwetu, mtu anayeuliza habari za mawe ya kale na makaburi anatafuta mali ya Mjerumani. Kila kijiji kina hadithi ya sanduku la rupia, sarafu zake, lililofukiwa wakati wa vita, na alama juu ya jiwe inayoonyesha mahali. Wapo waliouza ng'ombe kwa ajili ya sanduku hilo. Husemwa kwamba ukivuka mpaka wa Zambia pale Tunduma, yuko mtu anayenunua rupia hizo, ingawa sijakutana na aliyemwona. Kwa hiyo nilipokuwa natembea na kalamu nikiuliza, "Hapa palikuwa na nini zamani?", watu walinijibu kwa adabu, kisha wakasimama mlangoni kuangalia nielekee wapi.

Shughuli ya tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Katika shamba la kahawa la Bibi Roda kuna mabaki ya tanuru la kuyeyushia chuma, duara la udongo ulioungua linalonifika kiunoni, na pembeni yake yametapakaa mavi ya chuma, masalia ya kuyeyusha, meusi na mazito. Nilitaka watu wafike pale, walione, wasikie kwamba babu zao walitengeneza chuma wenyewe kwenye mlima huu. Ilinichukua wiki tano kumshawishi Bibi Roda. Alikuwa mjane wa miaka kama sabini, mzee wa kanisa, na kila nilipokwenda alinipa kahawa na kunikatalia.

Alhamisi moja alikubali, kwa masharti. Mtu asikanyage mashina ya miche, na mtu asichimbe. Nikaandika masharti hayo kwenye kundi letu la WhatsApp, nikaweka tarehe, Jumamosi ya wiki inayofuata, nikaongeza kwamba Mwinjilisti Osea wa kanisa letu angefungua kwa sala. Wote walishukuru. Emanueli peke yake aliuliza swali: kitako cha tanuru kina upana gani, na mlango wake ulielekea wapi?

Emanueli alikuwa fundi ujenzi, umri wake kama thelathini. Alikuwa amekaa Saza miaka mitatu kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi bila dhahabu, na hapa hilo halisamehewi kirahisi, maana hakuna anayeamini kwamba mtu anaweza kurudi Saza mikono mitupu. Kanisani alionekana Krismasi na Pasaka. Nilimjibu: futi sita, mlango ulielekea mashariki.

Jumatatu asubuhi Bibi Roda alituma mtu kuniita. Nilimkuta amesimama kando ya tanuru, mikono nyuma. Katikati ya duara palikuwa na shimo.

"Nilisema mtu asichimbe," alisema. "Nilisema, au sikusema?"

Nilimwambia alisema. Aliniambia kwamba Jumapili mguu ulimsumbua, hakwenda ibadani, alilala ndani mchana kutwa. Hakusikia kitu. Halafu akageuka kwenda nyumbani, safari hii bila kunikaribisha kahawa.

Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika sokoni. Wengine walisema chama chote ni genge. Wengine walisema si chama, ni yule kijana wa Saza. Mama mmoja alimwona Emanueli Jumapili akipita na ndoo barabara ya kwa Bibi Roda, wakati watu wote wako ibadani. Ndoo ya nini? Mwalimu Nathanaeli alitaka tusubiri, tumwite, tumsikilize. Mimi sikusubiri. Niliona chama changu kinakufa kabla ya kutimiza mwaka. Nikafungua kundi, nikaandika kwamba uaminifu ndio msingi wetu, nikamwondoa Emanueli. Hakuna aliyepinga. Wawili waliweka alama ya mikono iliyofumbatana.

Jioni ile alikuja nyumbani, akasimama nje ya uzio.

"Dada Atuganile, umenitoa."

"Watu walikuona na ndoo."

"Waliniona, ndiyo. Na wewe uliona nini?"

Nilisema tutazungumza baada ya shughuli. Alitikisa kichwa kama fundi aliyeambiwa kwamba malipo ni kesho, akaondoka.

Ijumaa nilikwenda peke yangu shambani kupima tanuru kwa ajili ya kumbukumbu zetu. Nilipima duara, nikapima urefu wa ukuta. Nikafika kwenye shimo, na kwa kuwa nilikuwa na futi mkononi, nikalipima nalo. Futi mbili kwa futi mbili. Kina chake futi mbili. Kingo zake zimenyooka. Upande wa juu wa mteremko palikuwa na lundo la udongo mweusi. Upande wa chini, lundo la udongo mwekundu.

Nilikaa chini.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa. Nikiwa darasa la nne baba alinipiga kofi dogo la kisogoni kwa sababu nilichanganya udongo. Shimo la mche ni futi mbili kila upande, udongo wa juu unauweka huku, wa chini kule, ili siku ya kupanda ule mweusi utangulie kwenye mizizi. Mtu akishachimba mashimo elfu moja ya namna hiyo, mikono yake haijui namna nyingine. Anayetafuta rupia anachimba kama nguruwe. Na Emanueli alikulia kwa mjomba wake Tunduma, nyumba ya wafanyabiashara. Hakuwahi kupanda mche hata mmoja.

Bibi Roda alikuwa barazani akichambua maharage. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamuuliza Jumapili ile uliuma mguu upi.

"Wa kulia. Kwa nini?"

"Ndio wa kukanyagia chepe, Bibi."

Aliendelea kuchambua. Alitoa punje mbovu tatu au nne, akazitupa uani, kuku wakazikimbilia. Halafu akasimama bila kuchechemea, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Kilikuwa chungu kidogo, cha kutosha kwenye viganja viwili, kimezibwa mdomo kwa udongo ulioungua.

Alinieleza akiwa ameinamisha uso. Alipoolewa, mama mkwe alimwonyesha tanuru kwa mbali na kumwambia kwamba chini yake kuna chungu cha dawa. Waliolijenga waliamini kwamba bila dawa chuma hakitoki, jiwe linabaki jiwe. Aliyekiweka alikuwa babu wa mumewe. Kwa miaka hamsini Bibi Roda aliyajua hayo, akapalilia kahawa kulizunguka tanuru, akanyamaza. Sasa mimi nimekuja na mpango wa kuleta watu sitini pamoja na Mwinjilisti. Mmoja angeparua kwa mti tu, kwa udadisi, na chungu kingeonekana.

"Dawa imefukiwa kwenye shamba la mwanamke mzee anayeishi peke yake," alisema. "Wewe umesoma. Niambie wataniitaje."

Sikusema lile neno. Kwetu watu wamechomewa nyumba kwa neno hilo.

"Na Emanueli?" niliuliza.

"Emanueli ni kijana. Kijana akisemwa vibaya anahamia Tunduma, anavuka mpaka, anaanza upya. Mimi nihamie wapi, mjukuu wangu?"

Nilimwahidi kwamba sitamwambia mtu, na niliahidi kwa moyo. Lakini niliona afadhali ajue na la kwangu. Nilimweleza kwamba nilimtoa Emanueli bila kumuuliza, mbele ya watu wote, na kwamba asubuhi ile Mwalimu Nathanaeli alikuta kitu kwenye baraza yake. Tanuru dogo la udongo wa kichuguu, lenye mlango na matundu ya mabomba ya kuvutia hewa, Emanueli amelitengeneza kwa vipimo alivyoniuliza, ili watoto wa shule waone tanuru zima lilivyokuwa. Lilikuwa limepasuka ubavuni kwa kukaushwa haraka. Ndoo ilikuwa ya udongo ule.

Bibi Roda alifunga chungu kwenye kitenge. Nami nikaaga.

Jumamosi walikuja watu ishirini na tisa. Walilitazama shimo kuliko walivyolitazama tanuru. Mwinjilisti Osea alisali sala fupi. Mwalimu Nathanaeli aliweka tanuru la Emanueli juu ya meza, akaanza kueleza mkaa ulivyopangwa na mawe, lakini macho hayakuwa kwake. Watu walikuwa wakisukumana kwa viwiko. Dennis, anayepeleka kahawa na mahindi Tunduma kwa Fuso, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwenye shimo huenda yuko ng'ambo anakula kuku. Wakacheka. Emanueli alikuwa amesimama mbali, kwenye njia, nje ya shamba. Sikujua kama alikuja kusikiliza au kutazamana na mimi.

Bibi Roda alipita katikati yetu na kitenge chake mkononi.

"Shimo hili nimechimba mimi," alisema. "Jumapili, mkiwa ibadani. Huyo kijana hajui hata chepe langu liko wapi."

Alifungua kitenge juu ya meza, kando ya tanuru lililopasuka. Kwa kucha aliondoa udongo wa mdomoni, akainamisha chungu. Vilitoka vipande vya mizizi vilivyogeuka unga, mfupa mwembamba kama wa ndege, na bonge dogo la chuma. Alieleza kila kitu kama alivyonieleza mimi, isipokuwa hofu yake. Hiyo kila mtu aliielewa mwenyewe, kwa sababu wanawake wawili waliokuwa karibu naye walirudi nyuma hatua moja.

Mwinjilisti Osea aliinama kuvitazama vile vitu.

"Aliweka nani?"

"Babu wa mume wangu. Na majembe yaliyolima kiwanja chetu cha kanisa yalitoka humu humu. Ukikataa chungu, Mwinjilisti, ukatae na majembe."

Mwinjilisti hakukataa wala hakukubali. Alisema jambo hilo litazungumzwa na wazee wa kanisa Alhamisi. Nilitegemea kwamba sasa watu wangepumua, wangemshika mkono. Walitawanyika kwa makundi madogo wakinong'ona. Nilipogeuka kumtafuta Emanueli, njia ilikuwa tupu. Dennis alinisogelea wakati nakunja kitambaa cha meza.

"Dada Atu, nieleze mimi tu. Chini ya chungu hamkuchimba?"

Jumapili nilikwenda kwa Emanueli. Alikuwa akisafisha mwiko wa kupigia lipu. Nilimwomba msamaha bila kuupamba, nikamwambia nimeandika kwenye kundi kwamba mimi ndiye niliyekosea, na nimemrudisha. Alisema ameona. Alisema pia kwamba kuandika ni rahisi, na kwamba wiki ile watu wawili waliahirisha kazi walizompa. Alirudi kwenye mwiko wake. Niliondoka nikiwa najua kwamba nilichovunja kwa kidole kimoja hakingejengwa na kidole hicho.

Wazee wa kanisa walikutana Alhamisi, wakaahirisha mpaka mwezi ujao. Chungu kilibaki kwa Bibi Roda.

Ijumaa asubuhi aliniita tena. Shimo lilikuwa limechimbwa upya, safari hii kweli kama na nguruwe. Udongo umetupwa kila upande, mweusi na mwekundu pamoja, na ukuta wa tanuru umebomoka upande wa mashariki, palipokuwa na mlango. Miche miwili ya kahawa imekanyagwa. Nilihisi majina yanapanga foleni kichwani mwangu. La Dennis lilikuwa la kwanza. Nilikuwa nimeshika simu.

Niliirudisha mfukoni.

Tulianza kufukia, Bibi Roda na mimi. Hakuna mahali ungeweza kutenganisha udongo tena. Tulikuwa tumefika nusu tuliposikia hatua kwenye njia. Emanueli alikuwa na ndoo ya udongo wa kichuguu begani, na mwiko ndani yake. Hakuwa ameitwa, habari aliikuta njiani. Alimwamkia Bibi, akainama kuupima ukuta uliobomoka kwa viganja.

"Jana nililala Vwawa mjini, nimerudi asubuhi hii," alisema bila kunitazama. "Naomba iandikwe."

Nilitoa daftari la mahudhurio kwenye mkoba, nikaandika tarehe, nikampa kalamu. Aliweka majina yake yote matatu, na sahihi. Bibi Roda akaifuta mikono kwenye kitenge, akaomba kalamu na yeye.