Mkwe na Goti la Refa

Hadi saa nne asubuhi Mkwe alikuwa ameshanuna mara mbili, na goti la refa lilikuwa wazi mezani halijakatwa hata kipande.

Mkwe ndilo jina walilompa roboti wa chumba cha upasuaji. Umkosee adabu kidogo tu, ananuna, na akishanuna kazi yote inasimama mpaka abembelezwe. Alikuwa mkono mmoja mrefu mweupe juu ya magurudumu, umeshika msumeno mdogo, na pembeni yake kulikuwa na kamera juu ya mlingoti. Kamera ile haikutazama mfupa. Ilitazama vipira vinavyong'aa vilivyofungwa kwenye pini za chuma, na pini zenyewe zilikazwa kwenye mfupa wa paja na wa ugoko. Ikiviona vipira, Mkwe anajua goti liko wapi na msumeno upite wapi. Mtu akiingiza kichwa katikati, Mkwe haoni kitu, anapiga ti-ti-ti, na msumeno unajifunga.

Na mwenye kuingiza kichwa katikati ni yule yule kila siku, daktari bingwa mwenyewe. Miaka ishirini na sita amekata magoti kwa jicho lake, sasa jicho limegoma kustaafu. Kila kazi ikifika patamu anainama achungulie, na kichwa chenyewe, jamani, si kichwa cha kupita pembeni.

"Daktari, usizibe," akasema muuguzi.

"Sijaziba. Naangalia."

"Mkwe anasema umeziba."

"Mwambie Mkwe kazi hii nilikuwa naifanya yeye hajaundwa."

"Nitamwambia. Toa kichwa kwanza."

Huyu ndiye muuguzi aliyempa daktari vyombo mkononi kwa miaka kumi na mmoja. Tangu Mkwe aletwe, miezi minane iliyopita, neno lake kubwa lilikuwa hilo moja, usizibe, mpaka wenzake wakamwita Bi Usizibe, kwanza kwa siri, baadaye usoni kabisa. Hakujali. Waite watakavyo, alisema, mradi watoe vichwa vyao.

Upande wa pili wa pazia la kijani, karibu na daktari wa ganzi, mgonjwa alikohoa. Alikuwa amechomwa ganzi ya mgongo, kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu yuko macho na masikio yake yanafanya kazi vizuri mno. Dawa ya usingizi aliikataa. Alisema yeye ni refa, na refa halali mchezo ukiwa unaendelea.

"Samahani," akasema. "Dakika hizi zinazopotea, mtaziongeza mwishoni?"

Daktari wa ganzi alicheka peke yake. Bi Usizibe hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyeongea na refa asubuhi walipokuwa wakimsukuma kuingia. Refa alimshika mkono akamwambia mambo wazi. Miaka hamsini na miwili, goti moja limekwisha, na ameahidiwa kwamba likinyooka sawasawa atarudi uwanjani, hata kama ni kwa mechi za shule tu. Likipinda, filimbi anaiweka kabatini. Kazi nyingine hajui wala hataki kujifunza. Bi Usizibe alimjibu kwamba litanyooka. Maneno ya mlangoni haya, unayasema kila siku, halafu unaingia ndani nayo.

Basi daktari akatoa kichwa, na alipokuwa akikitoa, kiwiko chake kikagonga pini ya paja.

Hapo Bi Usizibe alipandwa na mori. Pini ikigongwa, vipira vinahama, lakini mfupa uko pale pale. Mkwe anaviona vipira, anaridhika, anadhani mfupa nao umehama, na atakata pasipo pake bila kujijua. Dawa yake ni moja. Daktari anachukua kalamu ya chuma na kuugusa mfupa sehemu arobaini, moja baada ya nyingine, mpaka Mkwe aelewe upya. Kisha wanakagua kwa kugusa alama moja ndogo waliyoiweka kwenye mfupa. Dakika ishirini zinakwenda hivi hivi.

"Kiwiko hicho, daktari," akasema, wala hakupunguza sauti. "Hata mtu akikata tikiti maji huwa anachunga viwiko. Nimesema mara ngapi? Mtu mzima na elimu yake."

Daktari aligusa sehemu zote arobaini akiwa amekunja uso, na jasho likimtoka chini ya kofia. Alipomaliza alinyooka akawatazama wote.

"Nasema mara moja tu. Tukirudia tena, huyu Mkwe anasukumwa nje, mnanipa msumeno wangu, nakata kama nilivyokuwa nakata. Tumeelewana?"

Walielewana. Fundi wa mashine, bwana mmoja wa miwani mizito aliyezungumza kana kwamba anasoma karatasi, akakagua alama. Tofauti ilikuwa chini ya nusu milimita. Skrini ikageuka kijani. Daktari wa ganzi akatangaza kwamba ganzi ina muda wa saa moja na kidogo, kwa hiyo wenye maneno wayapunguze.

"Ndoano," akasema daktari.

Ndoano ni ile ya kuvuta nyama pembeni ili mfupa uonekane. Bi Usizibe alimpa, kama alivyompa mara elfu, na mkono wake ulipokuwa ukirudi, kifundo cha mkono kikagusa pini.

Kiligusa tu. Hata sauti haikutoka. Daktari alikuwa anatazama skrini, fundi naye anatazama skrini, na skrini ilikuwa kijani kama shamba la mchicha. Mkwe hakupiga ti-ti-ti, maana vipira alikuwa anaviona. Hakuna aliyeona kitu ila mwenye mkono.

Bi Usizibe aliitazama pini. Ilikuwa imesimama vile vile. Aliitazama tena. Labda haikusogea. Na kama imesogea, ni kidogo, na kidogo ni nini? Hasira zikamjaa, hasira kwa Mkwe anayenuna kwa mambo ya kipuuzi na akikosewa kweli hana habari, hasira kwa daktari na vitisho vyake, hasira kwa mgonjwa wa pili aliyekuwa akisubiri nje hajala tangu jana. Lakini kubwa kuliko zote ilikuwa ya lile neno lake la tikiti. Alikuwa amemkaripia mtu mzima mbele ya watu kwa kosa hili hili, nusu saa haijapita. Miaka kumi na mmoja mdomo wake haujawahi kukosa neno, na sasa ulikuwa umekauka. Alikuwa amechoka, huo ndio ukweli. Alitaka goti likatwe, lifungwe, aende akakae.

Msumeno ukaanza kulia. Daktari aliushika mkono wa Mkwe, wakaushusha pamoja kuelekea mfupani.

"Simamisha," akasema Bi Usizibe.

Daktari akaachia kitufe cha msumeno. "Nimeziba tena? Sijasogea."

"Hujaziba. Nimegonga pini."

"Nani amegonga?"

"Mimi. Nilipokupa ndoano."

Fundi aliinamia skrini yake. "Hapa kila kitu ni kijani," akasema.

"Hicho kijani chako hakijui kitu," akasema Bi Usizibe. "Kagua alama."

"Uligonga sana?" akauliza daktari.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Daktari, ningekuwa najua kiasi gani, wasingenunua mashine."

Daktari alivuta pumzi, akachukua kalamu ya chuma, akaigusa alama. Ti-ti-ti. Skrini ikawa nyekundu. Fundi alivua miwani, akaivaa tena, akasoma kwamba tofauti ni milimita nne.

Milimita nne si kitu kwa seremala wa vitanda. Kwa goti ni mguu uliopinda. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na Bi Usizibe akasogea kidogo aegemee meza ya vyombo.

"Tumtoe Mkwe?" akauliza fundi taratibu, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa wameambiwa.

Daktari aliitazama namba kwa muda. Aliutazama na mfupa, kwa lile jicho lake la miaka ishirini na sita, akauinamia mpaka pua inakaribia kugusa, na safari hii hakuna aliyemwambia asizibe.

"Mwache," akasema. "Hizo nne mimi nisingeziona." Kisha akaanza upya, moja, mbili, tatu, akihesabu kwa sauti kama mtoto aliyepewa adhabu, mpaka arobaini.

Goti lilikatwa, likavalishwa chuma chake na plastiki yake, likakunjwa na kunyooshwa, likanyooka. Wakati wa kushona, refa alisema anahisi kidole gumba cha mguu. Mgonjwa wa pili alirudishwa wodini bila kufanyiwa upasuaji, na Bi Usizibe ndiye aliyetumwa kumweleza. Alitukanwa kwa utulivu na mtu mwenye njaa, akavumilia.

Alasiri alipita kwa refa. Alimkuta ameinuliwa mito, mguu umefungwa bandeji nene.

"Nilisikia yote," akasema refa.

"Najua."

"Dada, mimi pale nyuma ya pazia nilikuwa nimeshachoka nanyi. Ungeniuliza, ningesema waendelee tu." Akajisogeza kwenye mito. "Miaka ishirini uwanjani, sijawahi kumwona mchezaji anakuja mwenyewe kuniambia mpira umemgusa mkono. Wananyoosha mikono yote miwili na kunitazama kama malaika."

"Usinisifu. Nilichelewa. Nilisimama kwanza nikawaza."

"Uliwaza nini?"

"Kwamba nimechoka na ninataka kukaa."

Refa aliitikia kwa kichwa polepole. Hilo lilimwingia kuliko kama angesema kitu cha maana zaidi.

"Na kama ungenyamaza?"

Bi Usizibe hakuwa na nguvu ya kutafuta maneno matamu. "Lingepinda. Usingeliona kwa macho. Ungetoka hapa unatembea, unatushukuru. Baada ya miezi michache lingeanza kukuuma. Ungerudi kliniki, tungekupiga picha, tungeona chuma kimekaa, na tungekuambia ufanye mazoezi."

"Mazoezi."

"Ndiyo. Tungekuambia hufanyi mazoezi ya kutosha."

Refa aliutazama mguu wake. Alipouliza, aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua.

"Wangapi mmeshawaambia hivyo?"

Bi Usizibe alikuwa ameshachukua faili, ameshageukia mlango. Jumanne iliyopita alikuwa zamu ya kliniki. Alikuja mama mmoja na goti lililokatwa na Mkwe miezi mitano nyuma, analia kwamba mazoezi anafanya kila alfajiri na bado linamuuma, na yeye, Bi Usizibe, kwa mdomo wake huu huu, alimwambia aache uvivu.

Alivuta kiti cha wageni, akakaa.